Mji wa Mzee Mbithi

Tangu Nyamai afariki, gari lake lilikaa uani kuku wakilitagia mayai. Mkewe, Kaluki, hakuwahi kujifunza kuendesha hata baiskeli. Kitui alizaliwa na Kitui aliolewa, lakini miaka mingi alikuwa akiutazama mji huo kupitia dirisha la gari: kanisani, sokoni, nyumbani, basi. Asubuhi moja ukimya wa nyumba ulimwelemea. Akavaa viatu vya kanisani, akafunga mlango, akaenda kusimama kando ya barabara bila kujua anakokwenda.

Tuktuk ya kijani ikasimama. Dereva alikuwa msichana mwenye mtandio wa waridi na pete karibu kila kidole.

"Mathe, wapi?"

"Popote unapoenda."

Msichana akaangua kicheko. "Huko ndiko mimi huenda kila siku! Ingia. Mimi Bushra, wa Majengo."

Kwenye kiti cha nyuma alikuwapo mzee mmoja aliyevaa koti la suti na kofia yenye unyoya wa kanga, amekumbatia thamosi kama mtoto mchanga. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Karibu, mwaitu," alisema, kama Wakamba wanavyomwita mama. "Mimi naitwa Mbithi. Wewe ni mgeni hapa?"

"Ni kama mgeni," Kaluki akajibu, akashangaa kuona si uongo.

"Basi nitakuonyesha mji."

Na kweli akamwonyesha. "Huku kushoto ni sinema. Jumamosi vijana wanapigana hapo wakitafuta kiti." Kaluki akatazama, akaona duka la simu. "Pale ni kwa fundi wa baiskeli. Mkali sana huyo, lakini ukimletea maembe anakuwa kondoo." Palikuwa na ghorofa, na juu yake kanisa lenye vipaza sauti vinne. Kaluki alitaka kusema neno, lakini kwenye kioo Bushra alimtikisia kichwa polepole.

"Na hapa ni bekari," mzee akasema, sauti ikilainika. "Hapa ndipo nilipomwona Kalondu wangu mara ya kwanza, amebeba mikate. Unasikia harufu?"

Palikuwa na kituo cha petroli. Lakini Kaluki aliikumbuka bekari hiyo. Nyamai alimnunulia mkate hapo walipokuwa wachumba, wakaula ungali moto wakitembea, yeye akiona haya kutafuna mbele ya mwanaume.

"Nasikia," alisema.

Kwenye lango la hospitali askari aliwapigia kelele wasiegeshe, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Bushra akageuka. "Mathe, mimi ndiye humfikisha babu wodi ya wanawake, lakini leo huyu askari ameamka vibaya. Nisaidie, tafadhali."

Kaluki hakuinuka. Kupitia lango hilo aliingia akimfuata Nyamai kwenye machela, na akatoka na nguo zake ndani ya mfuko. Hakuwa amerudi tena.

"Kama huwezi, si neno, mwaitu," mzee akasema. "Nitapapasa ukuta."

Kaluki akamshika mkono, wakashuka.

"Unatetemeka," Mbithi akamwambia wakiwa kwenye ujia.

"Ni baridi."

"Baridi? Hapa Kitui?"

Kaluki akacheka bila kutaka, na kicheko hicho kikamvusha mlango wa wodi.

Kalondu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mguu wake kwenye plasta. "Mbithi! Nani huyo umemshika mkono?"

"Mgeni. Nilikuwa namwonyesha mji."

"Maskini wa Mungu. Amekuonyesha bekari?"

"Amenionyesha."

"Ilibomolewa zamani za kale, na anajua. Kila mara namwambia."

"Najua," Mbithi akasema, akifungua thamosi kwa vidole. "Lakini nikiiondoa hapo, wewe nitakuweka wapi?"

Kalondu akajifanya hakusikia, akavuta shuka. Kaluki ndiye aliyetokwa na machozi, akashindwa kuyaficha. Yule mama akamtazama, kisha akajisogeza kitandani ampe nafasi.

"Keti, dada. Uji unatosha. Hapa ulimwacha nani?"

"Nyamai. Mume wangu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza hivyo. Watu walimwambia ajikaze, amshukuru Mungu, ale. Kaluki akaketi, akapokea kikombe, akaanza kueleza: alivyoimba vibaya kanisani kwa sauti kubwa, alivyoogopa kinyonga, alivyopenda ndengu zilizoungua kidogo. Kalondu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Baada ya hapo Kaluki alikwenda mara nyingi, tena kwa hiari yake. Siku Kalondu aliporuhusiwa, walimpakia kwenye tuktuk, mguu juu ya mapaja ya Kaluki, Mbithi akimfokea Bushra apite polepole kwenye matuta. Nyumbani majirani walitoka wakipiga vigelegele, wakambeba mgonjwa kwa kiti hadi ndani. Kaluki alibaki uani ameshika kiatu kimoja cha Kalondu, hajui ampe nani.

"Mwaitu!" Mbithi akaita kutoka ndani. "Mbona umesimama huko? Chai inapoa."

Akaingia nacho.