Jenereta Dogo la Cheche

Mtaani kote fundi umeme huyu alijulikana kama Cheche, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Vidole vyake vilijaa makovu madogo ya moto, na ulimi wake haukuwa na breki. Kwa miaka minne yeye na kaka yake waliwakodishia wageni wa safari gari-nyumba. Lilikuwa basi kuukuu walilonunua pamoja, wakang'oa viti, wakaweka vitanda, jiko, choo na friji. Kaka aliendesha. Cheche alivuta kila waya kwa mkono wake, na chini ya kitanda cha nyuma akafunga jenereta kubwa la dizeli, lenye ubavu wa kuendesha kiyoyozi na oveni kwa pamoja.

Juu ya hilo kubwa, kila safari alibeba jingine dogo la petroli, la kushika kwa mkono mmoja kama ndoo. "Kubwa likigoma porini, hili haliwezi kiyoyozi," alikuwa akisema, "lakini friji na taa vitawaka, na mgeni hatatutukana."

Wifi yake, mke wa kaka, hakulipenda kabisa. Linanuka, linakula nafasi ya mabegi. "Gari lina jenereta lake, hilo jingine la nini? Au wifi huamini kazi yako mwenyewe?" Watu wakacheka, na kaka akacheka nao.

Huyo wifi ndiye aliyekuwa mpishi wa safari. Siku moja, kaka na Cheche wamekwenda kutafuta maji, aliwasha oveni, kiyoyozi, pasi na birika kwa mpigo mmoja. Fyuzi ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Basi akachomeka kipande cha waya mahali pa fyuzi, akaendelea kukaanga. Robo saa haikupita, ukuta ukaanza kufuka moshi, pazia likashika, wageni wakatoka mbio pekupeku.

Moto ulipozimwa, Cheche alifungua kisanduku cha fyuzi. Ule waya ulikuwa umeshatupwa, ila matone ya shaba iliyoyeyuka yalikuwa bado yameganda pale. Akamtazama wifi yake. Wifi hakupepesa.

"Nilisema mimi," wifi akawaambia wageni kwa sauti ya huzuni. "Kazi za kulipualipua hizi zitatuua siku moja."

Kaka aliyatazama yale matone, akamtazama mkewe, akajikuna shingo. "Mdogo wangu," alimwambia Cheche, "pumzika kidogo."

Huko kupumzika ndiko kufukuzwa. Wiki iliyofuata aliamka akakuta jenereta lake dogo limetupwa nje ya geti lake, limelowa mvua, na hakuna aliyebisha hodi. Wifi akazunguka na habari kila mahali: saluni, kanisani, dukani. Yule Cheche aliunguza gari na watu ndani, nusura waive. Shule iliyokuwa imempa kazi ya kuweka umeme madarasani ikampigia kumwambia asije tena. Kwa miezi minane fundi aliyewahi kuwasha jengo zima akawa anatengeneza pasi na redio za majirani.

Hakulia. Alilikausha jenereta lake, akabadilisha plagi, akamwaga oili ya zamani. Kila alipolivuta kamba likanguruma, alimwona wifi yake mbele ya macho, na roho ikamwambia subiri.

Simu ilikuja mchana mmoja wa jua kali. Ilikuwa sauti ya wifi, laini kama siagi.

"Wifi yangu, hujambo? Tuko kambini kando ya ziwa na wageni wakubwa. Jenereta limezima ghafla. Fundi tuliyekuja naye amelifungua, hajui hata anachotafuta. Tusaidie, wifi."

Cheche aliuliza swali moja tu. "Geji ya mafuta inasomaje?"

"Robo. Mafuta yapo, si mafuta."

Cheche akauma mdomo ili asicheke. Jenereta lile lilinyonya dizeli kutoka tangi lilelile la gari, na bomba lake alilikata fupi kwa makusudi, lisifike chini. Tangi likishuka hadi robo, jenereta linazima, ili watu wasije wakala raha usiku kucha na asubuhi gari likose mafuta ya kuwarudisha nyumbani. Kaka alielezwa mara kumi. Kaka hakuwa msikilizaji.

"Nakuja," alisema. Akapitia kituo cha mafuta, akajaza dumu la dizeli, akalipakia kwenye pikapu pamoja na jenereta dogo, akafunika yote kwa turubai.

Alipofika, ndani ya gari-nyumba kulikuwa kama tanuri. Nje, kivulini, aliketi mwanamke mwenye kampuni ya kusafirisha watalii. Alikuwa amekuja kulijaribu gari kabla ya kuwapa kaka na mkewe kazi ya mwaka mzima. Kando yake baba yake mzee alikuwa akihema kwa shida, mashine yake ya pumu iko mapajani, haina umeme.

"Shikamoo, mzee," Cheche alisema, na hapo hakungoja mtu. Aliliteremsha jenereta dogo, akaliweka mbali upande upepo unakoelekea ili moshi usiwafikie, akavuta kamba, akarefusha waya hadi kwenye kiti cha mzee. Mashine ikaanza kutoa mvuke. Dakika chache baadaye mzee akapata pumzi, akainua kidole gumba.

"Ahsante, fundi," binti yake alisema. "Na hilo kubwa?"

"Kubwa linatengenezeka kwa dakika kumi," Cheche alijibu, akaketi juu ya sanduku lake la vifaa. "Lakini siligusi mpaka wifi yangu aseme hapa, mbele yako, nani aliweka waya mahali pa fyuzi gari lilipoungua."

Wifi akatoa kicheko kikavu. "Jamani, joto limempanda huyu."

"Cheche," kaka alinong'ona, "haya ni ya nyumbani."

"Mlipoyapeleka saluni hayakuwa ya nyumbani."

Jua liliendelea kuchoma. Nyama ya wageni ilianza kunuka kwenye friji. Wifi alizunguka gari mara mbili, akambonyeza mumewe, akabonyeza swichi ya jenereta, akarudi. Cheche alimtazama jasho linavyomvua poda usoni, na kila tone lilimburudisha kama maji ya mtungi.

"Nani?" aliuliza tena, polepole.

"Mimi!" wifi alipasuka. "Haya, ni mimi! Umefurahi?"

"Sana. Na nani alisema nimeunguza watu?"

Wifi alianza kulia. Cheche hakumwonea huruma hata chembe. Alingoja hadi alipolisikia na hilo, neno kwa neno, ndipo akainuka. Alimimina dizeli tangini, akafunga vipande vilivyofunguliwa na yule fundi, akatoa hewa kwenye bomba, akabonyeza. Jenereta likaitikia.

"Mafuta tu?" kaka aliuliza, mdomo wazi.

"Mafuta tu."

Mwenye kampuni alikusanya vitu vya baba yake. "Mtu anayeweka waya mahali pa fyuzi simkabidhi wageni wangu," alisema. Kwa Cheche aliomba namba ya simu, na baada ya siku mbili akampa magari yake sita ayakague.

Mama yao alipiga simu akifoka. "Umemvua wifi yako nguo hadharani! Ungemtengenezea kwanza, mkasemana baadaye."

"Baadaye angekana, mama."

Wiki tatu zikapita, kaka akaja peke yake. Aliomba Cheche arudi kazini, akaahidi mkewe hatapanda tena gari lile. Cheche alimkaribisha kiti, akampa chai.

"Kaka, yale matone ya shaba uliyaona. Ulijua?"

Kaka aligeuzageuza kikombe. "Nilihisi," alisema.

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya saluni. Wifi alikuwa amelipa, na kumbe deni kubwa zaidi lilikuwa limekaa hapa linakunywa chai, limevaa sura ya mtu aliyembeba mgongoni utotoni.

"Malizia chai yako, kaka," alisema. "Halafu uende."

Akachukua bisibisi yake, akatoka uani kuendelea na kazi.