Mtaimbo wa Ottilia

Jumanne, saa moja asubuhi, Ottilia Gorsatt alikuwa akipasua mkate mweusi kwa shoka dogo, maana uliokwa tangu Pasaka, aliposikia hodi. Mlangoni ulisimama mtaimbo wake, umelowa maji ya mto, matope mpaka kichwani.

"Futa mguu kwanza," Ottilia aliuambia.

Ukafuta.

Jumamosi aliuacha mlimani, juu ya kijiji cha Gieschmatt, ndani ya ufa wa mwamba alioutafuta kwa viangazi kumi na kimoja. Humo aliona fuwele ya rangi ya moshi, kubwa kama mtoto wa mwaka mmoja. Wachimba fuwele wa bonde lile hawana hati. Ukiacha chuma chako ufani, chenye herufi za jina lako na mwaka, ufa ni wako, na hata mwizi hupita akivua kofia.

Ottilia alifunga jibini kwenye leso, wakapanda wote wawili. Ufani walikuta chuma kingine, kimeandikwa A.T., na shimo tupu lenye umbo la fuwele.

Alasiri kamati ya wachimbaji ilikaa darasani, kwenye viti vya watoto. Mwenyekiti alikuwa shemeji yake, Adelbert Tenisch.

"Shemeji, umeniibia."

"Chunga mdomo, shemeji. Nilikuta ufa hauna chuma cha mtu, mtupu."

"Mtupu kama kichwa chako! Uulizeni mtaimbo."

Katibu aliuuliza ni nani aliyeutupa mtoni. Mtaimbo ulivuka darasa, ko, ko, ko, ukamwegemea Adelbert begani. Katibu akaandika: "Shahidi amemwegemea mwenyekiti." Mzee mmoja akaomba dirisha lifungwe, upepo unamwingia shingoni.

Kisha Adelbert alisoma kanuni: chuma kiwe ufani.

"Hiki kiko wapi?"

"Kiko hapa," kamati ilijibu.

"Kililetwa na mtu?"

"Kimekuja kwa mguu," alisema Ottilia.

"Kwa hiari yake?"

Mtaimbo, ambao haukuwahi kufundishwa uongo, ukaitikia kwa kichwa.

"Basi kimejiuzulu," alisema Adelbert, na mikono yote ikanyooshwa, isipokuwa wa Ottilia.

Sasa fuwele imo katika makumbusho ya kijiji. Kibao kinasema: "Imegunduliwa na A. Tenisch." Kila Jumapili baada ya misa, Ottilia na mtaimbo hupanga foleni pamoja na wageni. Wakifika mbele ya kabati, mtaimbo hugonga kioo mara moja, polepole. Mlinzi wa pale ana adabu sana.

"Taratibu, mzee," huuambia. "Hiyo ni mali ya mtu."