Sindano Iliyomfanya Muthamia Aongee

Muthamia wa Kibirichia, kule Meru, alikuwa mtu wa maneno machache mno. Hata alipomchumbia Kathure, alichofanya ni kubeba gunia la viazi, kulitua mlangoni kwa wazazi wa msichana na kwenda zake. Ilibidi mamake Kathure amfuate hadi barabarani kumuuliza lina maana gani.

Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na sita, wakiwa wameshaoana na kumzaa Purity, Muthamia alikuwa akinyunyizia viazi dawa ya wadudu. Bomba alilobeba mgongoni lilivuja, dawa ikamlowesha shati hadi kiunoni, naye akaendelea tu kwa kuwa shamba lilikuwa karibu kuisha. Kathure alipompelekea uji, alimkuta amepiga magoti, jasho linamtiririka, mate yanamdondoka, misuli ya mashavu inachezacheza. Mumewe akasema haoni vizuri. Kisha akatapika.

Jirani yao Ndambiri alishusha viazi alivyokuwa amepakia kwenye pikapu yake, wakamlaza mgonjwa nyuma. Wanawake waliokuja mbio walitaka anyweshwe maziwa, lakini Kathure alikataa, maana mtu anayetapika hivyo angepaliwa. Aliiokota chupa ya dawa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kupanda.

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Mwendwa aliisoma ile chupa, akammulika Muthamia machoni. Mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Nesi Lenah alivaa glavu, akamkata shati kwa makasi, akamwosha kwa sabuni na maji mengi kuanzia nywele hadi kucha, kwa sababu sumu ilikuwa ingali inaingia kupitia ngozi. Mwendwa alimwekea oksijeni, akamdunga mshipani atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo. Akasikiliza kifua, akamdunga tena, akasikiliza tena. Kifua kilitokota kama sufuria ya uji. Kathure alishika ukingo wa kitanda, akaomba kwa Kimeru bila kutoa sauti.

"Kinakauka," Mwendwa alisema hatimaye. "Mama, kifua kinakauka, yale maji yanayomzuia kupumua yanaisha."

Kathure akaketi sakafuni. Lenah akaketi kando yake kidogo, kisha akaenda kumtafutia chai.

Alasiri Muthamia alikuwa anapumua vizuri, ila mdomo ulikuwa mkavu na macho yamemtoka. Akaanza kukamata vipepeo ambao hakuna mwingine aliyewaona. Mwendwa alimweleza Kathure kwamba ile atropini nyingi humvuruga mtu akili kwa muda, na kwamba itapita. Hapo Muthamia akamshika Lenah mkono, akidhani ndiye mama mkwe.

"Mama," akasema kwa heshima, "lile gunia nililileta kwa sababu mdomo ulikataa. Nilitaka kusema huyu msichana wako ananinyima usingizi."

Wodi nzima ikageuka kusikiliza. Lenah, akijikaza asicheke, akamjibu kwamba amesikia na amekubali. Muthamia akaendelea. Alisifu mukimo wa Kathure, vile viazi anavyoviponda na mahindi na mboga, akasifu anavyotembea akienda kanisani, akasema Kathure akicheka jikoni yeye hujifanya anatafuta jembe ili akae pale karibu. Wagonjwa walicheka hadi mmoja akashika mshono wake. Kathure alijifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka, na hakujua kama analia au anacheka.

Mwendwa na Lenah waliendelea kumwangalia kwa siku kadhaa. Akili ilipotulia, Muthamia hakukumbuka chochote, lakini wodi ilikuwa imemhifadhia kila neno. Alisikiliza akitazama dari, masikio yakimwaka. Kathure alimuuliza polepole, "Baba Purity, ni dawa iliyokuwa ikiongea?"

Muthamia akamgeukia. "Si dawa," akasema.

Siku waliyoruhusiwa kwenda nyumbani, alimwomba Ndambiri asimamishe gari sokoni. Walikunywa chai na mandazi juani, wote watatu wamekaa nyuma ya pikapu, na Muthamia akamsimulia mkewe ndoto aliyoota wodini. Ilikuwa ndoto ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Kathure hakumkatiza hata mara moja.