Hodi ya Bi Hadia

Bi Hadia hakutaka makubwa. Alitaka kupiga hodi nyumbani kwa mwanawe, basi.

Asiyeujua mtaa wa Langoni, kisiwani Lamu, angecheka. Nyumba ya Bi Hadia na nyumba ya bintiye Lubna zinatazamana, na kichochoro kinachozitenga ni chembamba hivi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana hapo, lazima mmoja arudi kinyumenyume. Orofani, dirisha la mama limeelekea dirisha la binti. Mama akikohoa, binti huuliza kuna nini. Binti akipika vitumbua, mama hujua mafuta yamepata moto saa ngapi. Lakini ilikuwa miezi kumi na minne tangu Bi Hadia ateleze chooni akavunjika nyonga, na tangu hapo mguu wake uliikubali sakafu ukaikataa ngazi. Sakafuni alitembea, polepole, na mkongojo wake. Ngazi za nyumba ile, ndefu na za kusimama kama ukuta, zilijengwa na watu waliokuwa na magoti mengine.

Kwa hiyo Lubna ndiye aliyekwenda. Mara nne kwa siku alishuka ngazi zake, akavuka, akapanda za mamake, Aaliya ubavuni, sahani mkononi. Mtoto alikuwa na miezi minane na alikuwa mzito kama kiroba cha mchele.

"Umekuya tena," Bi Hadia alimwambia asubuhi moja, akimpokea mtoto.

"Mama, ulitaka nisije?"

"Sisemi hivo. Nasema ni wewe unaokuya. Kila siku ni wewe. Mimi nimekuwa kaburi, la kuzuriwa, si la kuzuru." Akamnusa mtoto utosini. "Kitanda anacholala mjukuu wangu sijakiona kwa mato yangu. Nataka siku moja nisimame mlangoni pako niseme hodi, nawe uniweke nje kidogo, useme, 'Nani?' Kama watu."

Lubna alicheka, akaondoka na sahani tupu. Alipofika chini kichochoroni akainua uso. Kati ya madirisha mawili palikuwa na utepe wa mbingu tu. Hapo ndipo wazo lilipomjia: wikio.

Amu yako mawikio mengi. Ni chumba kinachorukia kichochoro kutoka orofa hii hadi ile, watu wa chini wakapita na safari zao, wa juu wakatembeleana bila kushuka ngazi wala kujifunga buibui. Sakafu kwa sakafu. Mguu wa Bi Hadia ungeweza.

Fomu ya kuomba kibali aliijaza mwenyewe. Kwenye darasa la jioni la kina mama walikuwa wamefundishwa barua za ofisini, na Lubna ndiye aliyekuwa akisifiwa kwa mwandiko. Penye viboksi vya aina ya kazi alitia alama kwenye "ujenzi mpya", akaambatanisha mchoro aliochorewa, akapeleka ofisi ya mipango. Baada ya wiki tano akaitwa.

Afisa aliyemwita alikuwa dada mmoja wa bara, Gakii, mwenye miwani na feni ndogo mezani iliyopuliza makaratasi badala ya kumpuliza yeye.

"Bi Lubna, hii siwezi kuipitisha," alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Kichochoro ni cha umma. Na hewa iliyo juu yake pia ni ya umma. Huu ni mji wa kale, unalindwa. Hatuongezi kitu kipya juu ya njia."

"Lakini mawikio yako tele. Nimepita chini ya matatu kuja hapa."

"Hayo ni ya tangu zamani. Sheria inaruhusu kurudisha kilichokuwepo, si kuzua kisichokuwepo." Gakii akashika karatasi zisipeperuke. "Kwani hapo kwenu liliwahi kuwepo?"

Lubna hakujua. Alirudi mbio, akapanda kwa mamake hata mtoto hajampitia kwa jirani.

"Lilikuwepo?" Bi Hadia alimtazama kama aliyeulizwa iwapo aliwahi kuwa na mama. "Nyumba hiyo unayokaa ilikuwa ya nani?"

"Ya Mama Ruwaida, Mungu amrehemu." Huyo alikuwa dada yake Bi Hadia, asiyejaliwa mtoto, aliyemwachia Lubna nyumba.

"Basi mimi na Ruwaida tulikuwa tukishuka ngazi kuonana? Hapa!" Akagonga kizingiti cha dirisha kwa mkongojo. "Hili unaloliona dirisha lilikuwa mlango. Mvua za Elnino ziliangusha wikio, wewe hujazawa. Tukaziba nusu ya chini tusije tukaanguka. Tukasema tutajenga mwakani. Mwakani, mwakani." Akashusha mkongojo. "Miaka yote tukazungumza dirishani, mimi huku na yeye kule. Siku aliyokufa nilikuwa nikimtazama na sikuweza kumshika mkono. Hata niliposhuka nikapanda, ameshakwenda."

Lubna alikaa chini mkekani. Kumbe mamake hakuwa akitamani jambo jipya. Alikuwa akitamani kurudi.

"Na ushahidi, Mama? Ofisi inataka ushahidi."

"Tundu za boriti si zipo ukutani? Sita upande huu, sita kwako. Zatazama ndia mchana kutwa."

Lubna alitoa kichwa dirishani. Akautazama ukuta wa mamake, kisha wake. Kuta zote mbili zilikuwa laini, nyeupe, bila tundu hata ya mjusi.

Ilikuwa kazi ya Faiz. Mumewe alikuwa fundi wa ujenzi, kila alfajiri akivuka kwa mashua kwenda Ras Kitau kwenye mahoteli, na Maulidi yaliyopita alibakiwa na mifuko ya simenti aliyopewa na tajiri wake. Akataka kumfurahisha mkwewe. Kwa siku tatu alizipiga plasta nyumba zote mbili upande wa kichochoroni, wageni wa Maulidi wakija wakute zinang'aa. Bi Hadia, hata tundu hakuzikumbuka, alimwombea dua mpaka Faiz akaona haya.

Jioni ile Lubna alipomweleza, Faiz aliacha kula.

"Zile tundu," alisema. "Nilizijaza mawe kwanza ili plasta ishike. Nilijiona hodari."

Hata hivyo Lubna alijaza fomu ya pili, safari hii akitia alama kwenye "kurejesha". Gakii akamweleza kwamba tangazo lazima libandikwe ukutani siku kumi na nne, mwenye pingamizi alete. Lubna akalibandika asubuhi hiyo hiyo, kwa gundi ya unga wa ngano, na kwa furaha. Na hapo akafanya kosa ambalo mamake, kama angeweza kushuka, asingelimwachia alifanye: hakupita kwanza nyumba kwa nyumba kusema kwa kinywa.

Siku ya tatu pingamizi likaja. La Bwana Shuaib, jirani wa mwisho wa kichochoro, mwenye punda watano wa kubeba mawe na mchanga. Aliandikiwa na mjukuu wake kwamba wikio litawazuia punda wake kupita na mizigo.

Gakii akaja kukagua, na kipimo chake na simu ya kupigia picha. Kichochoro kikajaa. Bwana Shuaib alikuja na punda mmoja, amempakia mawe kupita kiasi ili hoja ionekane.

"Mzee, huyu punda amebeba ya wawili," Gakii alisema.

"Huyu ndiye shahidi wangu. Shahidi haletwi mtupu."

Watu wakacheka. Bi Hadia akachungulia kutoka juu. "Shuaib! Ulipokuwa kijana ulipita hapa na punda na ngoma juu ya punda, na wikio lipo. Leo punda wamerefuka?"

"Punda hawajarefuka, Bi Hadia. Adabu ndiyo imefupika." Mzee akamgeukia Lubna. "Karatasi imenisalimu kabla ya mtu kunisalimu. Natoka msikitini, naona ukuta wanambia nina siku kumi na nne. Mimi! Niliyembeba babako jeneza!"

Uso wa Lubna ukawaka. Alitamani ardhi impokee. Akasogea, akaushika mkono wa mzee, akaubusu. "Nimekosa, Bwana Shuaib. Furaha ilinitia upofu. Nilipaswa kuanza na mlango wako."

Mzee aliuvuta mkono, lakini polepole. "Na kahawa," alisema.

"Na kahawa."

Gakii wakati huo alikuwa akiukwaruza ukuta kwa ufunguo. Akainama, akanusa, akatikisa kichwa. "Hii ni simenti. Nani aliipaka?"

Faiz, ambaye hakwenda kazini siku hiyo, akasema, "Mimi."

"Kuta hizi ni za matumbawe na chokaa. Simenti inazinyima pumzi, chumvi inazila kutoka ndani. Hairuhusiwi. Nitalazimika kuandika amri iondolewe yote kwa siku kumi na nne." Akamtazama Lubna, na kwa mara ya kwanza akaonekana kusikitika. "Na ushahidi wenu ndio huu? Ukuta mtupu?"

Lubna aliinua macho. Mamake alikuwa bado dirishani, ameshika fremu kwa mikono miwili. Kila kitu kilikuwa kimesikika juu.

Bwana Shuaib ndiye aliyekohoa. Akachukua ufito mrefu wa mkandaa, mti wa mikokoni, uliokuwa umeegeshwa mlangoni pake, akaunyanyua, akagonga plasta chini ya dirisha la Bi Hadia. Tu, tu. Akasogeza. Du, kama mtungi mtupu. Akasogeza tena. Tu. Kisha du.

"Hapa, na hapa," alisema, kama anayesema na punda wake. "Mabega yangu yamegusa boriti zile kila siku nilipopanda juu ya mzigo. Bandueni hiyo simenti, bibi afisa. Si mmeamrisha wenyewe?"

Faiz hakungoja siku kumi na nne. Alasiri ile ile alifunga jukwaa la fito na kamba, akapanda na patasi. Vipande vikaanguka, vumbi likajaa sebule zote mbili, Aaliya akapiga chafya mpaka akachoka. Siku ya pili jiwe la kwanza likatoka. Nyuma yake tundu, nyeusi, pana kama sufuria ndogo. Mle ndani kulibaki kisiki cha boriti, na ncha yake bado ina rangi nyekundu.

"Ruwaida alipaka," Bi Hadia alisema kutoka juu. Hakukiona kisiki, alikisia kwa jinsi Faiz alivyoacha kugonga. "Kila Idi. Mimi nilimwambia aache, nani anatazama boriti? Akasema, mimi."

Sita upande huu, sita upande ule. Gakii aliporudi alifunga ncha ya kipimo chake kwenye ufito wa Bwana Shuaib, mzee mwenyewe akaunyanyua hadi tundu ya chini kabisa, na namba ikasomwa mara mbili. Punda na mzigo wake wangepita, na mtu juu yake, akiinama kidogo.

"Nilikuwa nikiinama," Bwana Shuaib alikubali. Akaweka sahihi kuondoa pingamizi, baada ya kikombe cha tatu.

"Nitaandika kwamba lilikuwepo," Gakii alimwambia Lubna walipokuwa wakiagana mlangoni. "Na kwamba lirudishwe kwa boriti na chokaa, kimo kile kile. Lakini mimi naandika tu. Kamati ndiyo inayoamua, na itakaa mwezi ujao. Pengine mwezi unaofuata huo. Usianze hata kupasua dirisha. Tafadhali."

"Sitaanza."

"Mamangu yuko Meru," Gakii alisema ghafla, akifunga mkoba wake. "Sawa. Kwaheri, Bi Lubna."

Faiz, aliyejulikana Ras Kitau kwa kasi yake, alichukua siku tisa kumaliza kipande cha mwisho cha plasta. Jukwaa lilikuwa limeziba nafasi kati ya madirisha mawili, na kila alasiri Bi Hadia alimpitishia chai juu ya mbao, akampa na salamu za kupeleka upande wa pili, hatua tatu. Siku ya kumi na nne amri ikatimia. Hakukuwa na sababu tena ya kuliacha jukwaa. Akakata kamba, akashusha fito moja moja, na utepe wa mbingu ukarudi mahali pake.

Lubna alisimama dirishani na Aaliya, akiutazama ukuta wa mamake. Tundu sita kwa safu, tupu, zimefunguka kama midomo ya makinda. Mtoto akanyoosha mkono. Ng'ambo Bi Hadia naye akanyoosha. Kati ya vidole kulibaki pengo lile lile lililokuwa likibaki siku zote.

"Kamati itakaa lini?" mama akauliza.

"Mwezi ujao, inshallah."

"Mwakani, mwakani," alisema Bi Hadia, kwa sauti ndogo, akaingia ndani.

Lubna alifunga dirisha kwa ajili ya vumbi. Alikuwa akimlaza mtoto aliposikia kitu kikigonga ubao. Ko, ko, ko. Akadhani ni upepo. Kikagonga tena, kwa subira, kwa mpangilio wa mtu anayejua adabu za mlango.

"Hodi," sauti ikasema.

Alipochungulia kwenye ufa aliona ncha ya ufito wa mkandaa, ule wa Bwana Shuaib. Upande wa pili mamake alikuwa ameushika kwa mikono miwili, mkongojo ameutupa kando, ushungi umemtoka kichwani kwa jitihada. Mzee wa punda alikuwa chini kichochoroni, anajifanya kukaza tandiko.

Lubna aliweka mkono kwenye komeo. Akakumbuka. Akauacha hapo kidogo, mamake akisubiri nje.

"Nani?" akauliza.