Sanduku la Santuri na Pimamaji

Mimi ni fundi, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Miaka thelathini na moja nilitengeneza mitambo ya kujaza chupa katika kiwanda cha bia hapa Milwaukee, na mashine pekee iliyonishinda ni ile iliyoungua. Kwa hiyo mdogo wangu Norbert aliponiambia kwamba sanduku la santuri la Mama limekufa, nilimcheka.

Lilisimama miaka arobaini katika baa ya Mama. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza namba, mkono wa chuma unachomoa santuri na kuipeleka kwenye sindano. Mama alipofunga baa alituachia sanduku hilo sisi wawili, nami nikaliweka kwenye chumba cha chini ya nyumba yangu, kando ya mashine ya kufulia. Norbert alitaka liuzwe. Alikuwa ameshapata mnunuzi, Bwana Hutchins.

"Dada, tukubaliane," alisema. "Mama anatimiza tisini mwezi wa tatu. Likiimba siku hiyo, libaki. Lisipoimba, Hutchins analipakia."

"Mwambie asijisumbue kuja na gari."

"Mdomo wako naujua. Nangoja mikono."

Baridi yote nilikuwa kule chini. Nilikwangua grisi ya zamani iliyoganda kama ukoko wa sufuria, nikabadilisha kapasita zote za amplifaya, nikaweka sindano mpya. Kila Jumapili baada ya misa nililizungusha angalau nusu saa, maana mashine isiyotumika hukakamaa. Taa zikawaka, mota ikazunguka, sauti ikatoka nene na safi. Likabaki jambo moja tu: kila santuri, sindano ilishuka pembeni vizuri, kisha ikateleza moja kwa moja hadi katikati, wimbo ukapotea. Nilifungua ule mkono wa sindano mara tatu. Niliweka pimamaji juu ya sanduku, povu lake likatulia katikati kabisa: limesimama sawa, halikuinama popote. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu katika baa nzima ya Mama kitu cha maana kilichobaki ni hicho tu.

Siku ikafika. Norbert alimshusha Mama ngazi moja baada ya nyingine, tukamkalisha mezani, tukampa maandazi ya jamu na bilauri yake ya brandi. Hutchins alikuwa amewahi, amesimama na mkoba wake kama mtu aliyekuja kupima maiti. Nikabonyeza namba. Wimbo wa dansi ya polka ukaanza kukohoa, sindano ikateleza hadi katikati.

Norbert hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Pole, dada."

"Pole ya nini? Sijamaliza."

Ndipo nikauona mkono wa Mama. Bilauri ilikuwa mezani, imetulia, naye ameikinga kwa kiganja upande mmoja.

"Mama, mbona unaikinga bilauri?"

"Isiteleze," alisema, kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua.

"Iteleze iende wapi?"

"Chooni. Si vyote vinaenda chooni?"

Norbert akaangua kicheko. Ile nyumba ya baa ilikuwa imetitia upande mmoja tangu sisi wadogo. Ukidondosha yai la kuchemsha unalifuata mlangoni pa choo. Na mzee Gorski, fundi aliyekuja kila Jumanne ya pili, alikuwa amelirekebisha sanduku kulingana na ule mteremko, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mazoea yana taabu. Nilikuwa nimekisimamisha wima kitu kilichojifunza kuimba kikiwa kimeinama.

Kule baa, choo kilikuwa kushoto kwa sanduku.

"Norbert, nyanyua kulia."

"Mgongo wangu, dada."

"Mgongo au mdomo, kimoja kitafanya kazi leo."

Akanyanyua, akiguna. Nikasukumia chini ya miguu ya kulia vikadi vya kuwekea bilauri vilivyokuwa mezani, vinne vinne, masalio ya baa yetu wenyewe. Nikabonyeza tena. Sindano ikashuka, ikakamata, na polka ikatoka tangu pumzi ya kwanza ya kodiani hadi mwisho. Nililia, na sikujificha. Mama aliiachia bilauri, akanyoosha mkono akaligusa sanduku ubavuni.

"Sasa limekaa sawa," alisema.

Hutchins akafungua mkoba, akatoa pimamaji yake, akaiweka juu ya sanduku. Alitikisa kichwa. "Limeinama vibaya. Likifika kwangu nitalinyoosha."

Nilifungua kinywa, lakini Norbert alinitangulia. Aliichukua ile pimamaji, akamrudishia mkononi pamoja na andazi.

"Hilo la njiani, Bwana Hutchins," alisema. "Hili letu halinyooshwi."