Gitaa la Ng'ombe wa Rhobi

Kaka yangu Werema alinyoa nywele kwa ajili ya marehemu asiyemjua. Ilikuwa mwaka 1970, redio ya Nairobi iliposema kwamba Jimi Hendrix, yule Mmarekani mweusi aliyepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, amefia London. Kwetu Susuni kichwa hunyolewa kwa msiba wa nyumbani. Tata, baba yetu, alipouona upara ule alifura.

"Huyo Jimi ni wa ukoo gani?"

"Wa roki, Tata."

"Ukoo huo siujui. Nenda kachunge."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Werema alikuwa hivyo. Wengine walikumbuka miaka kwa njaa na mvua. Yeye alikuambia "mwaka ule bendi ya Waingereza ilipovunjika", na akakushangaa usipoelewa. Alikuwa na gitaa la debe na waya za breki za baiskeli, na kelele zake zilifukuza hata mbwa.

Mwaka uliofuata niliolewa na Nyangwine wa Kewanja. Kwetu sisi Wakurya, ng'ombe wanaotolewa kwa dada ndio kaka yake anaowatumia kuoa. Wangu walikuwa wa Werema, na mama alikwisha kumtafutia msichana. Lakini Werema aliwaswaga ng'ombe wale, akavuka nao mpaka wa Kenya pale Sirari. Alirudi na gitaa la umeme, jekundu, na spika, na betri ya gari ya kuliwashia. Ng'ombe hata mmoja hakurudi.

Tata akachukua shoka alipasue. Niliitwa kutoka Kewanja, kwa kuwa ng'ombe waliletwa kwa ajili yangu, wazee wakataka kusikia nasemaje. Werema akaomba apige kwanza. Sijui nieleze vipi. Gitaa lililia, likakoroma, likabembeleza, mpaka Tata mwenyewe akaweka shoka chini.

Nikasema, "Ng'ombe zangu zimekwisha kwenda. Acheni huyu mura, kijana wetu, apige."

Nilijiona shujaa siku ile. Mjinga mimi.

Tarime haikuwa imewahi kusikia kitu kama kile. Redio ya Dar es Salaam ilipoacha nyimbo za kigeni, vijana wa Nkende walimfuata Werema badala ya redio, wamevaa suruali za bugaluu zilizoshonwa na fundi Ramadhan, wakicheza mpaka vumbi linawafunika. Niliposikia sifa hizo nilijisemea: lile gitaa ni langu. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia, kwa sababu Nyangwine alikuwa ananipiga.

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari. Nikadhani sasa ataona haya, kwani hata kikohozi majirani walikisikia. Hakuona haya. Majirani walisikia kila kitu, wakanyamaza. Siku aliponivimbisha jicho likafumba, nilirudi Susuni kwa miguu.

Nyangwine akanifuata, hana hata wasiwasi. "Nirudishieni ng'ombe zangu, mkae naye," alimwambia Tata, kisha akaondoka.

Werema hakusubiri kuambiwa. Alikwenda mjini, akampata Shaaban, mfanyabiashara wa Mugumu aliyekuwa akitafuta vyombo vya bendi. Bei waliyopatana ingetosha ng'ombe wote. Kesho yake Shaaban angekuja kulichukua gitaa, na mimi ningekuwa huru.

Jioni nilimkuta Werema nyuma ya nyumba. Alikuwa analipiga bila betri, polepole, sauti ndogo sana, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Moyo wangu ukalainika. Laiti ungekuwa mgumu!

"Usiliuze," nikamwambia. "Mimi nitarudi kwa Nyangwine."

"Hapana, dada Rhobi."

Alikataa mara moja tu. Ningependa kusema alikataa mara nyingi.

Nikarudi. Kila niliponyanyuliwa mkono nilijifariji kwamba huko Nkende watu wanacheza. Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha mama akaugua, nikaruhusiwa kwenda kumwona. Nilipofika nilimwomba Werema anipigie kidogo, nisikie nilichokilipia.

Akainamisha kichwa. Akaingia chumba cha ndani, akalitoa gitaa chini ya kitanda chake, limefungwa gunia. Nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu.

"Sijaligusa tangu uondoke," alisema. "Nikilishika nakuona wewe."

"Watu wa Nkende je?"

"Walitawanyika zamani."

"Kwa nini hukuliuza basi, Werema? Kwa nini hukuja kunichukua?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulisema nisiliuze?"

Nilimzaba kofi, mama akiwa anatutazama kutoka kitandani. Kisha nikajifunga kanga, nikamuaga mama, nikashika njia ya Kewanja haraka haraka, maana jua lilikuwa limeanza kushuka na Nyangwine hakupenda kungojea chakula.