Siri Aliyopewa Otilia

Sheria ya utafiti wa chuo ilikuwa moja: mwanafunzi hahoji jamaa zake. Kwa hiyo Nereida alizunguka nyumba za watu wa kabila lake, Wamixteko wengine waliohamia kuchuma stroberi pale Oxnard, na mama yake mzazi, Eufrosina, akahojiwa na Otilia, mwanafunzi mwenzake.

Kijicho kilimshika Nereida tangu siku ya kwanza. Otilia alikuwa na adabu za kijijini mpaka zinakera. Aliingia na mkate mtamu, na hakugusa karatasi ya maswali mpaka amelishwa akashiba, kama inavyopasa mgeni. Akaenda Jumapili tatu. Wahenga wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa siri. Nereida aliijua hiyo siri ipo, kwa kuwa Jumapili ile ya tatu alipoingia jikoni mama alinyamaza ghafla, macho mekundu, na mkono wake umo mkononi mwa Otilia. Miaka ishirini na moja, Nereida hajawahi kumwona mama yake akilia.

Walipotoka nje alimuuliza Otilia walikuwa wanaongea nini.

"Ya mama yako muulize mama yako, mwenzangu."

Jibu lilimchoma. Kesho yake, chuoni, alichukua kinasa sauti mezani kwa Otilia, akajifungia chooni, akaweka sikioni. Alijua anaiba. Lakini kwa hesabu yake, aliyeibiwa kwanza ni yeye.

Alisikia tortilla, zile chapati za mahindi, zikipigwapigwa viganjani, kisha mama, kwa Kimixteko, akisema kuna jambo hajamwambia mtu. Otilia akamuuliza mbona hamwambii Nereida.

"Yule nimemchosha, mwanangu," mama alisema. "Tangu ana miaka saba ndiye mdomo wangu. Kliniki yeye, shuleni yeye, kwa msimamizi wa shamba yeye. Daktari aliposema mimba imeharibika, ni yeye aliyenitafsiria, kasimama na begi la shule mgongoni. Hili sitaki alibebe. Libebe wewe. Sasa sikia."

Nereida akazima.

Alimkuta Otilia akipekua droo, akamkabidhi kinasa sauti chake.

"Nimesikiliza mpaka alipotaka kuanza."

Otilia akafunga droo. "Na mbele?"

"Mbele amekupa wewe," Nereida alisema, na wivu ukawa unamtafuna vilevile.